Seneta aliyepotea Bouaflé: kisa cha daktari Victor Biaka Boda

Wale mnaofuatilia mpira wa Afrika Magharibi mtakuwa mmeshawahi kulisikia jina hili bila kujua, maana uwanja wa mji wa Gagnoa kule Côte d'Ivoire, ule wanaochezea SC Gagnoa, unaitwa Stade Victor Biaka Boda. Ukimuuliza shabiki Biaka Boda alikuwa nani anaweza kukwambia labda mchezaji wa zamani. Hapana. Alikuwa daktari, akaacha sindano akaingia siasa, akawa seneta kwenye bunge la Ufaransa akiwakilisha Côte d'Ivoire enzi za ukoloni, halafu tarehe 28 Januari 1950 akapotea kwenye mji unaitwa Bouaflé na hakuonekana tena akiwa hai. Alikuwa bado wiki chache tu atimize miaka 37.

Baadaye yakapatikana mabaki ya mifupa porini, yakasemekana ni yake, na Machi 1953 kifo chake kikatangazwa rasmi kwa njia ya sheria. Hapo katikati ndo ikazaliwa stori ambayo mpaka leo ndo inamtambulisha kuliko kitu chochote alichofanya: kwamba seneta aliliwa. Ndiyo, aliliwa, na watu wa jimbo lake mwenyewe. Watu wa Ulaya waliicheka sana hiyo, mwanasiasa aliyeliwa na wapiga kura wake, ni aina ya utani ambao haufi.

Mimi nimekaa na hiki kisa muda sasa na ninachokiona ni kwamba watu wanaanzia mwisho. Wanaanza na mifupa na kuuliza nani alikula, wakati swali la maana ni nini kilikuwa kinaendelea Bouaflé wiki ile, na kwa nini mtu mwenye cheo cha seneta alikuwa barabarani huko. Ukiipanga kalenda tu, siku kwa siku, hiyo stori ya kuliwa inaanza kuonekana kama kitu kilicholetwa ili watu wasiangalie kalenda. Twende taratibu.

Kwanza huyu jamaa katokea wapi. Kazaliwa 25 Februari 1913 kijiji cha Dahiépa, upande wa Gagnoa, kwenye nchi ya Wabété, ukanda wa misitu wa magharibi. Udaktari kausomea Dakar. Sasa hiyo shule ya udaktari ya Dakar inabidi tuizungumzie kidogo maana bila kuielewa huwezi kuelewa hiki kizazi. Ilianzishwa 1918, Wafaransa walihitaji watu wa kutibu makoloni yao yote ya Afrika Magharibi na hawakuwa na madaktari wazungu wa kutosha, kwa hiyo wakaamua kuwafundisha Waafrika kwa bei nafuu. Vijana wanachujwa toka shule za makoloni mbalimbali, wanasoma miaka kadhaa Dakar, wanatoka madaktari lakini cheti chao sio sawa na cha mzungu. Huruhusiwi kwenda kufungua zahanati Ufaransa, mshahara wako ni wa chini, na hata ukiwa na uzoefu wa miaka 15 anaweza kuletwa kijana wa kizungu katoka chuo juzi akawa bosi wako. Kazi yenyewe lakini ni ileile, tena ngumu zaidi, maana wewe ndo unayetumwa wilayani, kuzunguka vijiji kupima malale, buba, ndui, kuzalisha kinamama, kushona majeraha.

Sasa fikiria mkoloni alichojitengenezea hapo bila kukusudia. Kachukua vijana wenye akili kuliko wote toka kila koloni, kawakutanisha chuo kimoja wakafahamiana, kawapa Kifaransa safi, halafu kawatawanya vijijini ambako kila siku wanaona miili ya watu inavyoumizwa na mfumo, na juu ya hapo kawadharau. Matokeo yake hiyo shule ikatoa wanasiasa kama inavyotoa madaktari. Félix Houphouët-Boigny alimaliza hapo 1925, huyo ndo baadaye rais wa kwanza wa Côte d'Ivoire. Émile Derlin Zinsou wa Dahomey, siku hizi Benin, naye daktari wa Dakar, akaja kuwa rais wa nchi yake mwishoni mwa miaka ya 60. Auguste Denise, mmoja wa vigogo wa mwanzo wa PDCI, chama cha Houphouët, daktari vilevile. Biaka Boda ni wa ukoo huohuo. Houphouët mwenyewe alipojaribu kuunganisha wafanyakazi wa afya pale Abidjan, mwaka 1927 akahamishiwa Guiglo, huko msituni magharibi kabisa. Uhamisho kama adhabu, hii kitu watumishi wa serikali wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri hata leo, sitaki kusema mengi.

Na jambo kubwa la miaka hiyo lilikuwa kazi za kulazimishwa, shokoa kwa jina lingine. Mashamba ya kahawa na kakao ya wazungu wa Côte d'Ivoire yalikuwa yanalimwa na watu waliokusanywa kwa nguvu, wengi wakitoka kaskazini kwenye nchi ya Wamossi, ambayo wakati huo ilikuwa imeunganishwa na Côte d'Ivoire kiutawala. Mkulima mweusi mwenye shamba lake la kakao alikuwa anaweza kuchukuliwa toka shambani kwake akapelekwa kulima la mzungu. Houphouët, ambaye alikuwa daktari, chifu na mkulima mkubwa kwa wakati mmoja, alianzisha chama cha wakulima Waafrika 1944, mwaka uliofuata akachaguliwa kwenda bunge la Paris, na tarehe 11 Aprili 1946 ikapita sheria ya kufuta kazi za kulazimishwa kwenye makoloni yote ya Ufaransa. Sheria fupi tu, lakini ukitaka kujua kwa nini mzee wa kijijini alikuwa tayari kupigwa risasi kwa ajili ya chama, jibu ni hilo. Kwake yeye chama hakikuwa maneno ya Paris, chama ndo kilimrudisha mtoto wake nyumbani.

Oktoba 1946 wakakutana Bamako wakaanzisha RDA, muungano wa vyama vya makoloni ya Ufaransa Afrika Magharibi na Kati, na tawi lake la Côte d'Ivoire ni PDCI. Kosa lao, kama utaliita kosa, ni kwamba bungeni Paris walikaa benchi moja na Wakomunisti. Kwa hesabu za wakati ule ilikuwa na akili, Wakomunisti walikuwa serikalini na ndo chama pekee kikubwa kilichokuwa kinaongea vibaya kuhusu ukoloni. Ila Mei 1947 Wakomunisti wakatimuliwa serikalini, vita baridi ikaanza, na ghafla daktari wa Gagnoa kama Biaka Boda na mkulima wa Yamoussoukro kama Houphouët wakawa wanaonekana kama mkono wa Moscow. Wakulima wa kakao, wenye mashamba yao, eti makomunisti.

Biaka Boda anaingia useneta mwishoni mwa 1948, kwenye baraza la juu la bunge la Ufaransa, kwa tiketi ya chama hicho. Yaani kapanda basi wakati breki zimeshakatika. Mwezi huohuo wa Novemba 1948 Ufaransa inamleta gavana mpya Abidjan, Laurent Péchoux. Aliyemtangulia, Georges Orselli, alikuja kueleza mbele ya tume ya bunge kwamba waziri wa makoloni Paul Coste-Floret alikuwa amemwambia waziwazi kazi yake ni kuizima RDA. Orselli hakuifanya kwa kasi iliyotakiwa, akaondolewa. Péchoux hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Njia zake zilikuwa zile ambazo mtu yeyote aliyeishi chini ya serikali inayoogopa upinzani atazitambua. Machifu wanaounga mkono chama wanavuliwa uchifu. Walimu na watumishi wanahamishwa au wanafukuzwa. Vinaundwa vyama vingine vya kugawa kura, vingine kwa misingi ya kabila na mkoa, na vinapewa kila msaada. Hapo kuna jina moja la kukumbuka: Étienne Djaument. Huyu alikuwa seneta wa chama kabla ya ule uchaguzi wa 1948, baadaye akajitoa akaanzisha chama chake kinachopingana na PDCI. Tarehe 6 Februari 1949 chama cha Djaument kikafanya mkutano Treichville, mtaa wa Waafrika pale Abidjan, zikatokea vurugu, na serikali ikapata sababu iliyokuwa inaitafuta. Viongozi 8 wa PDCI wakatiwa ndani, kati yao Jean-Baptiste Mockey, Mathieu Ekra na mwandishi Bernard Dadié, wakapelekwa gereza la Grand-Bassam na wakakaa humo miezi na miezi bila kesi.

Desemba 1949 wafungwa wakagoma kula. Wananchi wakaanza kugomea bidhaa za maduka ya wazungu. Halafu wanawake wa Abidjan, kina Anne-Marie Raggi na Marie Koré na wengine kwa mamia, wakaamua kwenda gerezani wenyewe, wakatembea kwa miguu mpaka Grand-Bassam wakafika mkesha wa Krismasi, wakapigwa na askari. Leo hii kuna mnara wao pale Grand-Bassam. Hawa kinamama wanastahili makala yao peke yao kwa kweli, nikianza nao hapa sitamaliza.

Sasa Januari 1950. Hapa ndo naomba tusome polepole.

Mwezi ule ukandamizaji unatoka Abidjan unaingia bara. Kwenye tarehe 21 na 22 Januari kunatokea vurugu Bouaflé, askari wanafyatua risasi, watu wanakufa. Bouaflé ni mji wa nchi ya Wagouro, kwenye mto Marahoué, kama kilomita 60 magharibi ya Yamoussoukro anakotokea Houphouët. Siku mbili baadaye, tarehe 24, inatolewa hati ya kumkamata Houphouët mwenyewe huko Yamoussoukro, watu wanajaa kumlinda, serikali inasita na mwisho wanaacha. Tarehe 28, Biaka Boda, seneta, anayezunguka maeneo ya wapiga kura wake, gari lake linaharibika Bouaflé. Anapotea. Tarehe 30 Dimbokro, mashariki ya hapo, watu 13 wanauawa kwa risasi. Februari 2 Séguéla, kaskazini magharibi, wengine 3. Na mwanzoni mwa Februari hiyohiyo serikali ya Paris inapiga marufuku mikutano yote ya RDA.

Iangalie tena hiyo orodha. Mji aliopotelea ulikuwa umemwagika damu wiki moja kabla. Askari wamejaa, wapelelezi wamejaa, machifu wa serikali wanatafuta njia ya kujionyesha, vijana wa chama wana hasira, kila gari linaloingia linajulikana ni la nani. Halafu seneta, mtu ambaye sura yake inafahamika, mwenye gari bovu katikati ya mji, anayeyuka kama chumvi na hakuna mwenye habari? Mji mdogo wa miaka ya 1950, gari likiharibika watoto wote wanakuja kuangalia. Hilo pekee linanifanya nisiamini kwamba hakuna aliyejua chochote.

Halafu kuna suala la kinga ya bunge, na hili naona watu wengi wanalipita. Kwa katiba ya Ufaransa ya 1946 mbunge au seneta hakamatwi hivihivi, lazima bunge lenyewe liruhusu, isipokuwa kama kakutwa anatenda kosa palepale. Ndo maana waliojaa magerezani ni viongozi wa wilaya, makatibu, machifu, wakulima, na sio wabunge. Watu kama Houphouët, mbunge mwenzake Ouezzin Coulibaly na Biaka Boda walikuwa wachache waliobaki huru kutembea, kuongea na watu, kukusanya majina ya waliouawa na kuyapeleka Paris. Na hii ya kuyapeleka Paris sio kitu kidogo. Mauaji ya wilayani hayana maana kwa gavana kama hakuna mtu wa kuyasoma kwa sauti ndani ya jengo la bunge. Seneta anayezunguka Bouaflé siku 6 baada ya risasi, tena seneta daktari, anayejua kuangalia kidonda na kusema risasi iliingilia mbele au mgongoni, ni shahidi mbaya sana kuwa naye.

Na ile hati ya Houphouët ilionyesha jambo moja, kwamba kumkamata mwenye kinga hadharani ni gharama, umma unajaa, Paris kunakuwa na kelele. Aliyekuwa anatafuta njia ya kumnyamazisha mmoja wao bila hati wala jela angejua hilo. Sisemi hapa kwamba gavana aliandika amri. Nasema tu mazingira yalikuwa yanamfanya mtu wa aina hii awe na thamani zaidi akiwa hayupo.

Tuje sasa kwenye kuliwa.

Bouaflé kama nilivyosema ni ya Wagouro. Kwenye vichwa vya wazungu wa makoloni watu wa misitu ya magharibi, Wagouro, Waguéré, Wadan, walikuwa na lebo ya wala watu tangu enzi za kuvamiwa. Hii lebo ilikuwa na kazi. Gavana Angoulvant, aliyeiongoza koloni kuanzia 1908, aliyapiga makabila ya misitu kwa silaha mpaka yakasalimu amri, vijiji vikachomwa, bunduki zikakusanywa, na ukitaka kuuelezea umma wa Ufaransa kwa nini unachoma vijiji ni rahisi sana kama wanaoishi humo umeshawatangaza ni watu wanaokula wenzao. (Kwa taarifa tu, Wagouro haohao ndo wenye ngoma ya Zaouli, ile ya mcheza kinyago mwenye miguu ya haraka isiyoaminika ambayo klipu zake zinazunguka mitandaoni kila baada ya miezi mitatu. UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2017.)

Kwa hiyo mifupa ilipopatikana jibu lilikuwa limeshaandaliwa miaka 40 nyuma. Lakini kama ushahidi, mifupa ile inathibitisha nini? Mtu aliyekufa porini kwenye ukanda wa joto na mvua, baada ya miezi, atabaki mifupa hata kama hakuna binadamu aliyemgusa. Wadudu, wanyama, maji, fungasi, msitu hausubiri. Mifupa mitupu haikwambii nyama ilikwenda wapi. Na kupima vinasaba hakukuwepo, hiyo teknolojia imekuja kutumika kwenye kesi miaka ya 1980. Mwaka 1950, kwenye koloni, utambuzi wa mabaki ulikuwa unategemea vitu vilivyokutwa nayo na maneno ya watu, na maneno ya watu yalikuwa yanakusanywa na haohao askari waliopiga risasi Januari.

Ukija kwenye sababu ndo kabisa. Wagouro wa Bouaflé wamepoteza ndugu zao kwa risasi za serikali, anakuja seneta wa chama chao, mtu pekee ambaye anaweza kuwasemea Paris, halafu wao wamkamate wamle? Kwa faida ya nani? Mtetezi wa stori hii atasema aa, walimkosea, hawakumjua, alikuwa mgeni Mbété kwenye nchi ya Wagouro, watu walikuwa na hofu na kila mgeni. Sawa, hofu naikubali, mtu anaweza kuuawa kwa hofu kwenye wiki kama ile. Ila hapo umeshatoka kwenye kuliwa umeingia kwenye kuuawa, na ukishasema kuuawa lazima useme na nani aliyeijaza wilaya hofu.

Hapa sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kuelewa haraka maana huku kwetu kulikuwa na mumiani. Bibi zetu walikuwa wanaamini kabisa wazungu wa hospitali na wa zimamoto wanakamata watu usiku kuwanyonya damu, na wakoloni wakawa wanacheka, wanasema ona hawa wajinga wanavyoamini uzushi. Na upande mwingine polisi walikuwa wanahangaika Singida na watu-simba miaka ya 40, mauaji ya kweli kabisa yenye wauaji wa kawaida, lakini yakiandikwa yanaandikwa kama maajabu ya porini. Kwa hiyo uzushi wa Mwafrika kuhusu mzungu unaitwa ushirikina, na uzushi wa mzungu kuhusu Mwafrika unaitwa taarifa. Biaka Boda alikutana na huo wa pili akiwa hayupo wa kujitetea.

Nikirudi kwenye washukiwa, nisijifanye najua jibu moja. Maelezo yanayosemwa zaidi, na ambayo Wa-Côte d'Ivoire wengi wanayashikilia, ni kwamba aliuawa kwa sababu za siasa na kwamba utawala wa kikoloni ulihusika kwa namna moja au nyingine. Mimi naliona hilo ndo lenye uzito, lakini ndani ya neno "utawala" kuna watu wengi. Kuna askari wazungu na maafisa wao. Kuna walinzi weusi wa wilaya. Kuna machifu waliowekwa na Péchoux badala ya waliovuliwa, hao walikuwa na cha kupoteza iwapo RDA ingerudi na nguvu, na walikuwa na vijana wa kufanya kazi chafu. Kuna wafuasi wa vyama pinzani, maana ndani ya mwaka ule watu wa PDCI na wa vyama vingine walikuwa wameumizana kweli, nyumba kuchomwa, mashamba kufyekwa, na Biaka Boda alikuwa kakalia kiti kwenye baraza lilelile ambalo Djaument alikuwemo kabla yake. Na kuna uwezekano wa kawaida kabisa, mtu ana pesa, gari limekufa, giza linaingia, majambazi. Huo wa mwisho ungekuwa mzuri kama isingekuwa hiyo kalenda.

Ninachokikataa ni kuweka stori ya kuliwa kwenye mizani pamoja na hizi kana kwamba zina uzito sawa. Hizi nyingine zote zinaacha mlango wa kuuliza maswali, nani alikuwa zamu, nani alitumwa, nani alilipwa. Ile ya kuliwa inaufunga. Kabila zima linakuwa mshtakiwa, na kabila huwezi kulihoji wala kulipandisha kizimbani, kesi inabaki kuwa simulizi.

Bunge la Ufaransa kwa bahati nzuri lilituma tume kuchunguza matukio ya Côte d'Ivoire ya 1949 na 1950, na msemaji wake alikuwa Léon-Gontran Damas, mshairi mweusi toka Guyane ya Ufaransa, Amerika Kusini, aliyekuwa mbunge wakati huo. Humo ndo Orselli alisema yale ya waziri, na Houphouët akatoa ushahidi mrefu sana. Hesabu inayotajwa kwa kipindi chote ni watu 52 waliokufa, wote Waafrika, mamia ya majeruhi na watu kama 3,000 waliokamatwa. Ukisoma namba hizo halafu ukarudi kwenye vichekesho vya seneta aliyeliwa unaweza kukasirika kidogo, watu 52 hakuna anayewakumbuka ila mmoja anakumbukwa kwa utani.

Sasa kwa nini chama chake chenyewe hakikupiga kelele miaka yote iliyofuata? Hapa ndo siasa inakuwa siasa. Julai 1950 François Mitterrand akawa waziri wa makoloni, akaanza mazungumzo na Houphouët, na Oktoba 1950 wabunge wa RDA wakaachana na Wakomunisti. Februari 1951 Mitterrand anakuja Abidjan kuzindua bandari na Houphouët yupo pembeni yake, mwaka mmoja tu baada ya ile hati ya kumkamata. 1956 Houphouët ni waziri ndani ya serikali ya Ufaransa. 1960 anakuwa rais wa nchi huru na anakaa mpaka anakufa Desemba 1993, rafiki mkubwa wa Paris kuliko wote Afrika. Kwenye urafiki wa namna hiyo marehemu wa 1950 wanaheshimiwa kwa kupewa majina ya viwanja na barabara, lakini hawafukuliwi. Simlaumu sana Houphouët kwa kuachana na Wakomunisti, watu wake walikuwa wanauawa na alihitaji risasi zikome, na zilikoma. Lakini bei ya kukoma ilikuwa ni kutouliza, na familia za Bouaflé na Dimbokro na Dahiépa ndo zilizolipa.

Na kuna la kieneo pia. Gagnoa haikuwa sehemu tulivu kwa serikali ya Houphouët. Mwaka 1970 kulitokea uasi wa Kragbé Gnagbé kwenye nchi ya Wabété na jeshi likauzima kwa ukali, jambo ambalo halikuruhusiwa kuzungumzwa kwa miaka mingi. Laurent Gbagbo, mwalimu wa historia aliyekuja kuwa mpinzani mkuu na baadaye rais, ni mtu wa Gagnoa hukohuko. Kwa hiyo kumfufua shujaa wa Kibété aliyepotea kwenye mazingira ya kutatanisha halikuwa jambo ambalo Abidjan ilikuwa na hamu nalo, hata kama shujaa huyo alikufa akiwa na kadi ya chama tawala.

Ripoti ya Damas ipo na inasomeka. Makaratasi ya makoloni yamehifadhiwa Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa. Kama kuna mtu anasoma historia huko na ana Kifaransa ningemwomba aachane kabisa na faili la mifupa kwa kuanzia, atafute ya tarehe 27 mpaka 29 Januari: nani alikuwa zamu kituo cha Bouaflé, gari la seneta liliandikwa limefika saa ngapi, simu ya kwanza kwenda kwa Péchoux ilipigwa lini na ilisema amepotea au ilisema amekufa. Kama ilisema amekufa kabla ya mtu yeyote kuona mfupa, basi hao "wala watu" wa Bouaflé tuwaache wacheze Zaouli yao kwa amani na tuanze kuuliza majina ya maafisa.